Tafadhali Sema Tena

Katika soko la Bankerohan, mjini Davao, Ufilipino, mwaka ule wa 1996, muuza durian mmoja tu alikuwa akihesabu matunda kwa Kijapani. Huyo ni Crisanto Maglinte. Kuhesabu kwenyewe alikuwa akifika sita anakwama, na mteja anabaki na pesa mkononi.

"Kaka, ninunue durian au nikusubiri ufaulu mtihani?" mama mmoja alimuuliza.

"Vyote viwili, dada yangu. Durian nzuri haitaki haraka."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kila Jumamosi alijibana kwenye dawati dogo katika shule ya chama cha wenye asili ya Kijapani, katikati ya watoto wa miaka minane na tisa. Jirani yake wa dawati, Jovelyn, alimwita Babu na kumwazima kifutio kwa masharti. "Babu, ukikosea tena, sikuazimi." Vitoto vya siku hizi havina huruma.

Kilichompeleka huko ni mama yake. Bi Felisa alizaliwa hapo hapo Davao, baba Mjapani, mama Mbagobo, kabila la wenyeji wa huko, akasoma shule ya Kijapani hadi darasa la tano. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha baba alikuwa amekufa na majirani wana hasira zao na Wajapani waliowavamia. Mama yake akambadilisha jina, akafukia picha na vitabu nyuma ya nyumba, akamwambia afunge mdomo. Naye akaufunga, miaka hamsini na mmoja. Wanawe sita walikua wakijua damu yao ni ya Kichina. Crisanto alipoambiwa ukweli na mama mwenyewe alishaota mvi, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: amsikie mama yake akisema Kijapani, japo mara moja, kabla hajafa.

Mwalimu Leonila, binti mdogo kuliko hata mke wa Crisanto, alimfundisha kwanza kabisa kusema, "Tafadhali sema tena." Alimwambia mwanafunzi mwenye maneno hayo hapotei. Nyumbani hayakumfaa kitu, maana mama hakusema hata hiyo mara ya kwanza. Kila jioni Crisanto alimsalimia kwa Kijapani, na kila jioni alijibiwa kwa Kibisaya, lugha ya mtaani kwao.

"Samaki anaungua. Geuza."

"Mama, neno moja tu."

"Lugha ile niliifukia. Unataka kuichimba, chimba mwenyewe, mimi mgongo unaniuma."

Mwezi wa Agosti yakaja mashindano ya hotuba. Crisanto akajiandikisha kundi la wanaoanza, ambamo aliyemfuata kwa umri alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akaamua kumzungumzia babu yake. Mama alipokataa kumweleza lolote zaidi ya jina, akaenda kusoma orodha ya zamani ya chama, akalikuta jina hilo: Higa Matsuzo, seremala. Hayo yakamtosha. Mama mwenyewe alikubali kuja "kwa ajili ya pansit tu," akaketi nyuma kabisa, karibu na sufuria ya hizo tambi.

Sharti lilitangazwa mapema: anayesaidiwa na mtu wa ukumbini ametoka.

Jina lake likaitwa. Akainama kutoa heshima, paji la uso likagonga kipaza sauti, watu wakaangua kicheko. Akacheka nao, kisha akaanza.

"Babu yangu aliitwa Higa Matsuzo. Babu yangu alikuwa seremala hodari. Alijenga..."

"Uongo!"

Sauti ilitoka kwenye pansit, na ilisema kwa Kijapani. Bi Felisa alikuwa amesimama, sahani mkononi, uso umemwiva kwa hasira.

"Seremala gani? Baba yangu alikuwa hapigi msumari bila kujiponda kidole! Alikuwa mtengeneza tofu! Kila alfajiri anapita na ndoo zake mbili, anapiga kengele, mtaa mzima unamjua. Leo mnamfanya seremala?"

Crisanto alidaka maneno matatu tu: baba, kidole, na tofu, ile jibini ya maharage ya soya. Mengine mwalimu alimtafsiria baadaye. Lililo moyoni ulimi huiba. Mama wa watu alivumilia kuitwa Mchina na kupoteza jina lake, lakini baba yake kupewa kazi isiyo yake, hilo lilimshinda.

"Samahani sana," alisema mwamuzi mkuu, mzee mpole kutoka Japani. "Mshindani amesaidiwa. Ametoka."

"Nimemsaidia? Nimemkosoa!" mama akamjibu, bado kwa Kijapani.

"Na wewe ni nani, mama?"

Bi Felisa akaweka sahani chini. Akajinyoosha blauzi, akaunganisha miguu, akainama kama mtoto wa darasa la tano mbele ya mkuu wa shule.

"Higa Fusae. Binti ya Matsuzo, mtengeneza tofu."

Kule jukwaani Crisanto alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, wala haoni haya. Jovelyn, aliyekuja kushika nafasi ya kwanza, akamvuta shati. "Babu, umetolewa kwa sababu ya mama yako!"

"Ndiyo! Umemsikia? Umemsikia vizuri?"

Jumamosi iliyofuata alikuwa bado kitandani mama yake alipomfokea kutoka jikoni, maneno marefu, Kijapani kitupu. Crisanto hakuambulia hata moja. Akaketi, akakohoa, akasema taratibu alichofundishwa siku ya kwanza:

"Tafadhali sema tena."

Mama akasema tena.