Kigoda Kilichopelekwa Mavuno

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kulea najua. Mjukuu wangu huyu aliletwa kwangu huku milimani, juu ya Mbeya, mavuno ya mwaka jana yakiwa yamepita, bado ana mapengo mdomoni. Mama yake, binti yangu, alikuwa anahangaika na mitumba huko Iringa, amejibana kwenye chumba na wenzake pale Mlandege. Nikamwambia, lete mtoto, hapa viazi vipo.

Sifichi, siku za mwanzo alinichosha. Moshi unamuuma macho, maji ya baridi, choo kiko mbali. Akaniuliza, "Bibi, televisheni iko wapi?" Nikamwonyesha ng'ombe.

Kilichomtuliza ni jikoni. Baridi ya huku inang'ata masikio, kwa hiyo jioni wote tunahamia kwenye moto wa kuni. Nilimpa kigoda alichochonga marehemu babu yake, kifupi, mguu mmoja umepinda. Akakifanya chake. Hapo anamenya viazi, hapo anasoma, hapo anasinzia mpaka kichwa kinaniangukia gotini. Mgeni akikikalia, mtoto anakwenda kumsimamia mbele mpaka mtu anahama mwenyewe.

Mwezi wa tano mwaka huu binti yangu akapiga simu. Mambo yamekaa sawa, amepanga nyumba ya vigae hapo hapo Mlandege, ana jiko la gesi, shule zikifungwa anakuja kumchukua mtoto. Nikasema sawa. Mtoto ni wake. Lakini nilibaki na simu mkononi mpaka maharage yakaungua, harufu ikafika kwa jirani.

Shule zilipofungwa alifika, Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Huku kwetu siku hiyo hatupeleki bahasha tu kama watu wa mjini. Unabeba ulichovuna, viazi, mahindi, kuku, unaweka mbele kanisani, na ibada ikiisha vinapigwa mnada pale nje, hela inabaki kwa kanisa. Hilo kila mtu analijua, nami sikuwaza kumweleza mtoto.

Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amewaambia watoto walete kitu cha nyumbani wanachomshukuru Mungu kwacho. Wenzake wakapita na maparachichi na mayai. Mara namwona wangu anapita katikati ya kanisa amekumbatia kigoda. Amekipaka mafuta yangu ya kujipaka, weusi wote wa moshi unang'aa.

"Mama, ndiyo nini hii?" binti yangu akaninong'oneza.

Moyoni nilisema, basi, huyu ameshaondoka. Amekitoa kama nguo iliyombana.

Nje, mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akakiinua juu. "Haya, nani ana makalio madogo?"

Watu wakacheka. Mtoto akanivuta kitenge. "Bibi, mbona anakiuza? Mimi nilikileta Mungu akione, halafu nirudi nacho."

Nikanyoosha mkono upesi. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo, akapandisha bei kunichokoza tu. Nikapandisha. Akapandisha tena.

"Wewe kitakubeba hicho?" nikamuuliza. "Kitavunjika kabla hujasema amina."

"Kikivunjika nitakipikia maharage, dada. Yasiyoungua."

Tukiwa hapo, binti yangu akataja bei iliyonyamazisha uwanja mzima. Jirani akaacha. Na mimi nikaacha, maana nilijua anakinunua aende nacho.

Jioni alikiweka pembeni ya begi. "Utakikalia Mlandege," akamwambia mtoto.

"Kule tunaota moto wapi, mama?"

"Kule hatuoti. Tuna blanketi zito, na jiko la gesi."

"Sasa nitakikalia nifanye nini?"

Binti yangu akainamia kuni, akawa anazisukuma wakati zinawaka vizuri tu. Naye amekulia kwenye moto huo huo.

Nikaona niulize. "We mjukuu wangu, watoto wote wamepeleka vyakula. Wewe kigoda cha moshi ulikishukuria nini?"

"Sikushukuru kigoda, bibi. Nilishukuru hapa." Akapiga sakafu kwa kiganja, pale karibu na majivu. "Sasa hapa ningepabebaje?"

Akakichukua pembeni ya begi, akakirudisha mahali pake, mguu uliopinda ukaingia kwenye kashimo kake. Akasema kikae, akija likizo akikute. Mama yake hakumbishia.

Jumatatu wakapanda basi la Iringa. Nilirudi nyumbani, nikawasha moto, nikakaa kwenye benchi langu. Basi liliposimama njiani, pale Chimala, watu wanunue mchele, simu ikaita. Mtoto, kwa simu ya mama yake, hakunisalimia hata.

"Bibi, nani amekikalia?"

"Hakuna mtu."

"Kweli?"

"Paka."

"Paka mwache," akasema.