Kidonda Mbele ya Mke wa Mwanangu

Nesi aliyeniruhusu kutoka hospitalini baada ya upasuaji wa ngiri aliniuliza, "Mzee, nyumbani kuna mtu wa kukuosha kidonda?" Nikamjibu kwa ukali kwamba watu ni wengi. Uongo mtupu. Mke wangu alikuwa Kisii kwenye matanga ya kaka yake, mwanangu yuko kazini Nakuru, na nyumbani tulibaki mimi na mke wa mwanangu huyo.

Sasa, sisi Wakisii tuliohamia huku Kericho kwenye majani chai tumeacha mengi, lakini hili hatujaliacha: mke wa mwanao haingii chumba unacholala. Hata mkono hakupi. Na mimi nilipasuliwa kwenye kinena! Afadhali wangenipasua kichwa.

Basi nikajifungia ndani. Nikawa najifunga mwenyewe kwa vipande vya shuka kuukuu, hata sioni vizuri ninachofunga, maana tumbo limenizidi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuna majani, mke wa mwanangu aliniwekea uji mlangoni, akabisha, akarudi nyuma. "Baba, unaendeleaje?" "Niko sawa!" Kumbe usaha ulishaanza kutoka, na homa inanitetemesha hadi kitanda kinalia. Hatari niliijua. Lakini aibu ilinikaba kuliko homa, nikaona heri nife na heshima yangu. Ujinga wa mzee hauna dawa.

Siku moja aliporudi kutoka kupeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai, akakuta uji wa asubuhi haujaguswa. Akaita. Nadhani alisikia na harufu, maana alisogea hadi mlangoni, akasema, "Baba, naingia."

"Usiingie! Mimi ni baba wa mume wako!"

"Ukitaka kunifukuza, utanifukuza ukiwa mzima."

Akaingia. Nikavuta blanketi hadi puani, lakini akalifunua, akaona yote, uchafu na uchi wangu. Alinisafisha kwa maji ya chumvi huku macho yake yakiwa kwenye kidonda tu, akaita bodaboda, akanishikilia kwa nyuma hadi hospitali kama gunia la majani. Daktari alikifungua kidonda upya, akasema tungechelewa kidogo tu ningeitwa marehemu. Nesi naye akamwita mke wa mwanangu aje ajifunze kukiosha. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo, kila siku akitoka shambani aliniosha. Mimi nilijifunika uso kwa taulo, yeye akafanya kazi yake. Asante sikumpa, kwani kumwambia asante ni kukubali kwamba ameona.

Mke wangu aliporudi kutoka matangani alikuta kidonda kimeanza kufunga vizuri, nyama safi. Akashangaa. "Nani alikuwa anakuosha?"

Mke wa mwanangu alikuwa sebuleni anapanga vikombe. Ningeweza kusema.

"Nesi," nikasema. "Alikuwa anapita hapa."

Mke wangu akafumba macho papo hapo, akamwombea huyo nesi: Mungu abariki mikono yake, ampe watoto, asipungukiwe na kitu. Ombi refu. Alipomaliza, sauti iliyoitikia amina ilikuwa moja tu, nayo ilitoka sebuleni.