Mshumaa wa Bolti

Stima ikirudi nikazima mshumaa, harufu yake hunipeleka uani kwetu. Bolti ya injini ya pikapu ya baba ilikuwa imekatika, kichwa kimeng'oka, fundi ameshindwa kuitoa, na miraa ya kupeleka Mikinduri ilianza kunyauka ndani ya majani ya migomba.

Mama, aliyetunza altare kanisani, akatoa mshumaa kwenye leso. Akaniambia, "Wewe hujaona." Akamgeukia fundi, "Ipashe moto, halafu uilishe nta."

"Mama, hii ni injini, si altare!"

Fundi akaipasha hata hivyo. Nta ikazama, moshi ukapanda, koleo likaizungusha bolti hadi ikatoka.

Jumapili padri aliwasha kipande cha mshumaa ule, kifupi kama kidole. Baba, ambaye huwa haimbi, aliishinda kwaya nzima.