Uondoke Kabla Jua Halijazama

Kama ulikuwa mtoto Kitale wakati wetu, wakati simu ya nyumba nzima ilikuwa moja na inafungiwa kabatini pamoja na sukari, basi hii ni yako. Keti. Hawa wa siku hizi wapite, waende wakachaji simu.

Sisi tulikuwa na bastola za magunzi. Mahindi yakishapukuchuliwa, unachukua gunzi refu na gunzi fupi, unafunga na kamba ya gunia, unaweka kiunoni. Nyota ya sherifu ilikuwa kifuniko cha soda. Kofia ilikuwa ya mama ya kanisa, na kwa hiyo kofia nilichapwa hadi nikaheshimu kofia zote duniani. Huko shambani mabua yalikuwa yamesimamishwa mafungu mafungu kama mahema, na ukijificha ndani unawashwa mpaka ndani ya masikio. Lakini ati utoke useme unawashwa? Mwanaume wa bastola hajikuni, bana.

Hayo yote yalitoka kwa turubai ya Mama Kimani, ile alitandaza bidhaa sokoni. Familia yao, watu wa kabila lingine, ilitoka upande wa kati wa nchi hata kabla mimi nizaliwe, wakanunua ploti, tukapakana ua. Sokoni pia tulipakana. Yeye aliuza mitumba na vitabu kuukuu, mama yangu aliuza vitunguu hapo kando. Mmoja akienda choo, mwingine anamuuzia. Sasa kwa hivyo vitabu kulikuwa na vile vidogo vya kuingia mfuko wa nyuma, karatasi imekuwa rangi ya chai, juu kumechorwa mtu na kofia pana, farasi, na mbingu nyekundu kama imechinjwa. Makarani na walimu walivinunua kama mandazi. Vile havijanunuliwa, Kimani aliruhusiwa kusoma, bora anawe mikono.

Kimani alikuwa beshte yangu. Miaka kumi na moja, kama mimi, lakini Kizungu chake kilikuwa cha mtu wa ofisi. Changu kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda choo, basi. Kwa hivyo yeye alisoma kimoyomoyo, halafu anatusimulia kwa Kiswahili, tumekaa nyuma ya ghala yao, watoto sita saba, makamasi yamesahauliwa.

Na hadithi ilikuwa ile ile! Mtu anakuja peke yake kwa farasi. Hana mama, hana mwalimu, hana wa kumtuma maji. Anaongea maneno matatu kwa siku. Matajiri wa mji wanamchukia, wanabandika karatasi mlangoni kwake: uondoke kabla jua halijazama. Sisi tulipenda huyo mtu kwa sababu sisi tuliogopa kila kitu. Tuliogopa kiboko, giza, na bata mzinga wa Mama Kimani. Yeye hakuogopa hata kufa.

Mwishoni, Kimani anasema, yule mtu aliondoka, mji ukalia, jua likikaribia kuzama akarudi. Anakuja polepole, mikono kando ya bastola. Na mwanamke mwenye hoteli ya huo mji anaweka ugali mezani.

"Kwani huko wanakula ugali?" nikauliza.

"Wanakula. Wanaiita jina lingine."

"Na mboga?"

"Wekesa, wewe utauawa na maswali kabla ya lisasi," akasema, akiniiga, kwa sababu mimi kutamka risasi kulinishinda. Na mimi namrudishia "mbunduki" yake. Tunachekana mpaka maiti zinaamka.

Kutoka hapo tukatunga mchezo. Anayeshindwa kwa siku anaandikiwa notisi. Karatasi ya daftari, kalamu nyekundu, inatobolewa na mwiba, inabandikwa kwa mlango wa jikoni kwao. Haiandikwi jina, mtu wa bastola haandiki jina. Ukipata notisi unaenda ng'ambo ya reli, unakaa huko peke yako. Jua likishuka kwa mabua unarudi polepole, na sisi wote tunakungoja na viazi vya kuchoma. Mimi nilifukuzwa mara nyingi sana. Nilikuwa nashindwa makusudi, ndio nirudi.

Sasa Desemba ile ya kura ikafika, ikaisha. Redio zikawa haziimbi, zinaongea tu. Wazazi wakaanza kuongea wakiwa wamesimama. Tukikaribia wananyamaza. Mama aliniambia, "Wewe mdomo wako, hizi siku ufunge." Nikasema sawa, nikaenda kucheza. Hakuna mtu alituambia watoto kwamba huko mashambani kuna watu waliohamia, kama kina Kimani, wanaamka na kukuta karatasi mlangoni za kuwafukuza.

Siku hiyo aliyeshindwa alikuwa Kimani. Akatumwa kisiagi, kusaga mahindi, kabla nimalize kuandika. Na mimi niliandika vizuri, hiyo nakiri, niliandika kuliko siku zote. *Huu mji haututoshi. Uondoke kabla jua halijazama. Ukibaki usilaumu mtu.* Chini nikachora bastola. Nikaenda kwa mlango wa jikoni, nikakuta bata mzinga amesimama hapo, shingo imevimba. Mimi, mtu wa bastola mbili, nikazunguka nikaibandika kwa mlango wa mbele.

Mama Kimani alirudi kutoka sokoni kabla ya Kimani.

Sijawahi kusikia mtu akiita hivyo. "Mama Wekesa! Mama Wekesa, kuja!" Mama akaruka ua na kitunguu mkononi. Wakasoma wote wawili. Mama Kimani akauliza, sauti imekuwa ndogo, "Wewe unajua watu wa hapa. Hii ni mwandiko ya nani?" Mama yangu ambaye alisaini ripoti zangu zote akaangalia ile karatasi, akatikisa kichwa. Naona hata herufi hazikumwingia.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Magunzi kiunoni.

Kimani akafika na unga kichwani. Akaona karatasi. Akaniona. Akasema, "Mum, hiyo ni mchezo. Si huwa tunacheza?"

"Mchezo gani? Nyamaza!"

"Mum, haki ya Mungu. Muulize Wekesa."

Wote wakageuka. Hapo ndipo neno moja lilitakikana. *Ndiyo.* Hata kwa kichwa tu ningeitikia. Lakini niliona uso wa mama yangu, nikaona kiboko, nikaona soko zima wakiambiwa ni mimi. Mdomo huu wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema hata kwa matanga, ukakauka. Nikaangalia vidole vya miguu.

"Unaona?" Mama Kimani akamwambia kijana wake. "Chukua nguo zako."

Baba yake alileta lori ya mtu wa kanisa lao. Mahindi yalibaki ghalani. Bata mzinga alibaki. Kimani alikuja kwa ua, nikajua ananipiga, na ningefurahi. Akanipa kitabu tulichokuwa katikati yake. "Nimebakisha kurasa kumi hivi," akasema. "Nitakumalizia nikirudi." Hakunisema kwa mtu. Watu wa bastola hawasemani.

Waliondoka jua likiwa bado juu ya mabua. Nilienda kwa reli na kiazi cha kuchoma, nikangoja mpaka mama akanifuata.

Na ile nyumba, mnajua? Hakuna mtu aliyeigusa. Hata kioo. Kwingine kulichomeka, ndiyo, lakini kwa mstari wetu majirani walilinda zamu kwa zamu, mama yangu akiwa mmoja wao. Bata mzinga alizeeka. Baadaye ploti iliuzwa kwa simu, wenyewe hawakurudi. Mimi nilikuwa nimepelekwa kijijini Ndalu kwa nyanya yangu, kitabu kimefungwa ndani ya sweta. Nilipomwambia mama ukweli nilikuwa nimeota ndevu. Alimenya kitunguu ambacho hatukuwa tunapika. Akasema, "Wangeenda tu, Wekesa. Kila mtu alikuwa anaenda."

Labda. Lakini hawakwenda kwa karatasi ya kila mtu.

Siku hizi niko Bungoma, kinyozi. Shule niliachia darasa la nane. Vijana wanakuja kunyolewa wamekodolea simu, wanauana huko ndani na bunduki zenye sauti kamili, wakifa wanabonyeza wanafufuka. Mmoja akikosana na mwenzake anamtoa kwa grupu, kisha anamrudisha kabla nimalize upande wa kushoto. Nawacheka, ati hawa hawajawahi kuwashwa na mabua. Lakini pia nawaonea wivu. Wanafukuzana na kurudishana.

Mwaka jana nilinunua kamusi. Wateja wakikosekana nasoma zile kurasa kumi, neno kwa neno, kama mtu anayetoa mawe kwa maharagwe. Nimefika mwisho. Yule mtu anapanda farasi, anapita nyumba ya mwisho, hageuki nyuma. Imeisha. Harudi. Hakuna mwanamke, hakuna meza. Nikatafuta vitabu vingine vya aina hiyo kwa wauza vitabu wa hapa, nikafungua kurasa za mwisho. Watu wa bastola wote wanaenda tu. Kumbe ile ya kurudi ilikuwa ya Kimani, alitutungia kwa sababu alijua tungelia.

Enzi zile hatukuandika majina. Sasa naandika. Kimani, popote uko, karatasi ya mlango wa mbele ilikuwa yangu. Ni Wekesa, wa upande wa pili wa ua. Mwambie mama yako mwenye mwandiko nilikuwa mimi, nimesimama hapo tu.