Vipande Vilivyochanika

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya patholojia, Temeke, Daktari Mkuu alinishika vidole akavikagua kama anayechagua kitambaa dukani. Aliposikia kuwa baba yangu ni Mmakonde mchonga mpingo, alitabasamu. "Basi, Chilumba, wewe utachonga nta."

Ndiyo kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Nyama ya uvimbe uliokatwa kwa mgonjwa tuliigandisha ndani ya nta, tukaikata kwa mashine ya wembe vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tukavitia rangi, na daktari akavisoma kwa hadubini. Vyenye mkunjo au mchaniko nilivitupa. Baba naye hakupeleka sokoni kinyago chenye ufa.

Daktari Mkuu alinifundisha kuistaajabia mishipa ya damu. Uvimbe wa saratani una njaa, alisema, kwa hiyo hutuma ujumbe. Seli zilizotanda ndani ya mishipa ya jirani huitika: huzaana, hutambaa kuufuata, huufikishia chakula na hewa, na zenyewe hutoa kemikali za kuuchochea ukue. Ila hujenga kwa pupa. Mishipa hiyo hupinda, huvuja, na katika mianya yake seli za saratani hupenya kwenda mapafuni au kwenye ini.

Kisha akaja mama mmoja, mkaanga samaki wa Kunduchi, aliyetolewa uvimbe wa titi. Alisimama dirishani pangu. "Kaka, mie nataka kujua kitu kimoja tu. Nirudi kwenye karai langu, au bado?"

Nilimkatia vipande safi kabisa. Daktari Mkuu alivitazama, hakuandika kitu, akaniita.

"Vilivyochanika viko wapi?"

"Nimetupa, daktari."

"Vilichanikia wapi?"

"Pembeni mwa uvimbe."

"Pembeni ndiko mishipa inakojazana, imejaa mashimo, ndiyo maana wembe unachana. Umenichagulia vizuri, Chilumba, lakini mie siuzi vinyago."

Bahati nyama ilikuwa imebaki kwenye nta. Nilikata upya, nikapeleka vyote, vizima na vibovu. Katika kile kibaya kuliko vyote aliniita nichungulie: mshipa uliopinda, na ndani yake seli tatu za saratani zimeshikana, ziko safarini. Hakunigombeza. Aliandika. Yule mama hakurudi kwenye karai wakati huo; alianzishiwa dawa za dripu za kuua saratani.

Tangu siku hiyo sikutupa kipande kabla daktari hajakiona. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengine, hodari wote, lakini yule ndiye aliyeniumba.

Sasa naishi Bunju, na nikitamani samaki hushuka Kunduchi. Yule mama yupo kwenye karai lake, amenenepa, anatania wateja. Hanikumbuki. Juzi nilimwonyesha samaki niliyemtaka.

"Mzee, huyo kapasuka kwenye mafuta. Chukua mzima."

"Nipe huyo huyo, mama."

Alicheka, akanifungia.