Sikio Lililolia Maji

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sikio kuliko kwa kichwa. Nilikuona jana mbele ya kioo, ukisukuma yale mapete meusi uliyonunua stendi kwenye tundu la sikio huku umeuma meno. Sikukukataza. Kaa kwanza nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya Itigi, ambayo jana yake yalikuwa na chumvi na viberiti tu, yalijaa vitu vya kung'aa mpaka macho yakauma. Mimi nilikuwa binti wa minadani, natembea na sanduku la hereni na bangili. Wateja wangu wakubwa walikuwa mama zetu wa Kigogo, waliotanuliwa masikio tangu usichana, wanaopenda pete nzito ya kujaza tundu. Nikajiuliza, mama kama huyo atanunuaje pete kwa muuzaji mwenye tundu la sindano? Muuza viatu hatembei pekupeku. Nikaamua kutanua yangu, yawe kabati la duka.

Aliyenianzisha ni bibi mzaa mama, aliyekuwa akiishi Mitundu. Kwetu tulitumia bua la mtama: unakata kipande kikavu, unakisugua juu ya jiwe mpaka kiwe laini, unapaka samli, unakitia. Tundu likizoea, unaongeza unene kidogo. "Usihesabu siku," bibi aliniambia. "Sikiliza nyama." Mimi ninayehesabu chenji mara mbili hata nikipewa na padri, ushauri huo ulinichosha. Tundu lilipofikia unene wa kidole nikatupa mabua, nikavaa bidhaa yangu mwenyewe: pete za rangi ya dhahabu, zenye kifungo, nilizobishania bei pale stesheni mpaka mwenye mali akaapa kwamba nimemwachia fulana tu. Nyinyi mnafundishwa shuleni kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Hata mimi nilifundishwa. Nilijua kabisa si dhahabu. Sikuuliza tu, kama si dhahabu, ni nini?

Sikio la kushoto likaanza kuwasha. Likavimba. Likatoa maji yanayonata, ngozi ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Na hapo ndipo tunapokosea sisi watu wa masikio marefu. Nyumbani kwetu walisema sikio linalolia linaomba kuongezewa. Likiuma baada ya bua jipya, unavumilia, halafu unaweka nene zaidi. Nikadhani ni kilio kilekile. Nikavumilia mpaka nyama ikakifunika kifungo, na pete ikagoma kutoka. Chini ya tundu ukabaki utepe mwembamba wa nyama, mwekundu, unang'aa kama ganda la nyanya iliyoiva. Utepe ule ukikatika, ndewe ya sikio hugawanyika, vipande vinaning'inia kama kamba za mbuzi aliyetoroka. Mwanamke wa namna hiyo hutaniwa mpaka kaburini.

Asubuhi ya siku hiyo ninayoikumbuka nilikuwa kwa mama mdogo, pale pale Itigi. Alikuwa amenikalisha kwenye kigoda, bua nene limepakwa samli, tayari mkononi. Mpango wake ulikuwa kulipitisha pembeni ya pete, tundu litanuke, pete itoke yenyewe. Ncha ya bua ilikuwa imeshaingia, nami nimeshika miguu ya kigoda, bibi alipoingia, ametoka Mitundu kuja kutusalimia.

"Shikamoo bibi," nilisema bila kugeuza shingo.

"Marahaba. Mke mwenzangu, mbona umekaa kama kuku wa sikukuu?"

"Sikio linalia, mama," mama mdogo akajibu. "Linataka kuongezewa."

"Toa mkono."

Bibi hakuligusa sikio. Aliinama, akatazama shingo, pale pete ilipokuwa inalalia. Palikuwa na vipele.

"Na shingo ulikuwa unaitanua?"

"Hapana, bibi."

"Kwingine kunawasha wapi?"

Nilikuwa nimevaa suruali ya jinzi ya mtumba, fahari ya Itigi nzima. "Tumboni," nikasema.

"Fungua."

Chini ya kitovu, pale kinapokaa kifungo cha chuma, palikuwa na duara la vipele, saizi ileile ya kifungo. Mama mdogo akacheka. Bibi hakucheka.

"Kilio cha bua hukaa ukingoni mwa tundu, na ukilipumzisha kinatulia," alisema. "Hiki kinafuata chuma kila kinapogusa. Mwili wa huyu umekataa, wewe unataka kuulazimisha. Sukuma hilo bua, utepe ukukatikie mkononi."

Mama mdogo akaliweka bua chini polepole, kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka.

Akaitwa jirani, fundi wa baiskeli, na koleo lake la kukatia spoku. Bibi akalichemsha kwenye sufuria ya chai. Fundi akalitazama sikio.

"Dada, nimekata spoku nyingi, ila spoku hazina jina. Baiskeli ina spea, sikio halina."

"Kata tu, fundi. Bei nitakulipa unayotaka."

"Basi kweli anaumwa," akamwambia bibi.

Akapenyeza taya la koleo kati ya pete na nyama. Akalitoa, akajifuta jasho kwa bega, akaanza upya. "Usipumue," akasema. Nikasikia *kak*, na kwa kitambo sikujua kilichokatika ni chuma au ni mimi. Bibi akaifungua pete, akaizungusha kidogo kidogo, akaivuta. Damu ikashuka mpaka begani.

"Utepe?" nikauliza.

"Upo," bibi akasema, akakaa chini ghafla. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa.

Siku hiyohiyo tulikwenda zahanati. Mganga akasafisha, akatoa dawa ya kupaka, akasema miili mingine haipatani na nikeli, ambayo huchanganywa kwenye mapambo ya bei ya chini, na mwili ukishaikataa, mara nyingi hukataa maisha yote. Bibi, aliyekuwa ameshasema hayohayo, akauliza kama na yeye atagawiwa mshahara. Tundu tuliliacha tupu mpaka ngozi ilipokauka kabisa. Likasinyaa, nikaanza upya na bua jembamba, safari hii bila haraka. Pete zilizobaki niliziuza mnadani kuwa za kutundikia mapazia. Pazia halina ngozi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla ya kuuliza bei, uliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Muuzaji akijiumauma, mrudishie mali yake. Vaa pete za kioo, au za ile metali ya titani wanayoungia mifupa hospitali. Tundu likiuma kidogo ukingoni, lipumzishe. Likiwasha, likivimba, likitoa maji, usiongeze kitu. Toa ulichoweka, osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Pakiwa na usaha au homa, au kitu kikigoma kutoka, nenda zahanati, usingoje kuonwa jasiri. Kurudi kwenye unene mdogo si aibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ndewe haijengwi.

Ukitaka kupendeza, pendeza. Sikuzuii, ujana ni wako. Mungu akupe subira ya mkulima na jicho la mnunuzi, akufikishe uzee ukiwa mzima kila kiungo, na wajukuu wakunong'oneze siri zao upande wowote wanaotaka.