Mdhamini wa Ahadi Isiyokuwa Yake

Valentini Nambunga alikuwa katekista wa kaya kumi na moja za Wakristo katika kitongoji cha Nalungu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tingi, na kwa muda wa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumshika na uongo. Naanza na jambo hilo kwa sababu bila hilo maafa yaliyofuata yasingewezekana. Mwongo asingaliaminiwa. Ilihitajika kinywa safi ili neno chafu lipate njia.

Alizaliwa Uwanda wa Makonde, akashuka pwani akiwa kijana kukata mkonge karibu na Lindi. Mwaka 1960 alifika Nalungu akiwa na mkewe Rosalia, majembe mawili, na Maandiko aliyoyafunga katika kipande cha gunia, akaomba mahali pa kulima. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa Likwata, Mwislamu, Mmatumbi, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Likwata akampa.

Lazima ieleweke ni kitu gani alichompa. Katika sehemu zile mgeni hupewa ardhi ya mtama na mihogo, hapewi ardhi ya miti. Anayepanda mkorosho ameishika ardhi; mti ni wake hata kama udongo ni wa mwingine, na wajukuu wa mwenyeji hawatamwondoa kwa maneno matupu. Kwa hiyo mgeni huachiwa mazao ya msimu, naye mwenyewe hubaki mtu wa msimu, akiishi kwa kutazama uso wa mwenyeji wake.

Mwaka wa tatu, mvua za kwanza ziliponyesha, Likwata alikuja shambani kwa Valentini na mbegu za korosho katika kibuyu, pamoja na ndugu zake wawili wa kushuhudia. Hakuomba ruhusa wala hakutoa hotuba. Alichimba mashimo matatu na kumpandia Valentini kwa mkono wake mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa ukoo wake atakayesema baadaye kwamba mgeni aliiba. Valentini akauliza anatakiwa kutoa nini.

“Hutoi kitu,” Likwata akasema. “Ila usichimbue kuangalia kama kuna panya wa kitoweo ndani. Nyinyi Wamakonde mkiona shimo hamlali.”

“Na wewe nenda ukalale,” Valentini akamjibu. “Mtu wa pwani hupanda mti mmoja, akajilaza chini yake miaka saba akingoja uzae.”

Tangu siku ile wakawa watani, na utani wao ulijulikana hadi Kinjumbi. Walitukanana njiani, walitukanana kwenye misiba, na aliyefiwa ndiye aliyetukanwa zaidi, maana ndivyo watani wanavyobebeana huzuni.

Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba fundisho kubwa la Valentini lilikuwa moja, na alilirudia kila mwaka kabla ya msimu wa kupanda. Lilikuwa habari ya Abrahamu kuamriwa awapasue wanyama vipande viwili na kuvipanga vikitazamana. Valentini alieleza kwamba watu wa kale walipofunga agano, wote wawili walipita kati ya vipande hivyo, kama kusema: nikilivunja neno hili, nami nipasuliwe hivi. Lakini Abrahamu alishikwa na usingizi mzito, na kilichopita katikati kilikuwa moto na moshi wa Mungu peke yake. Mwanadamu hakupita. Mungu alijifunga mwenyewe, bila kumdai Abrahamu hata hatua moja. Hapo Valentini aliwataka watu wake watazame mikorosho mitatu iliyopandwa na Likwata, ambayo ilionekana kutoka mlangoni pa nyumba yao ya sala, nao wakakielewa kitabu cha Mwanzo kuliko wanafunzi wengi wa seminari.

Likwata mwenyewe alikuwa akisikiliza kutoka nje, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Siku moja baada ya sala alimwambia mtani wake kwamba hata wao Waislamu wanayo habari ya Nabii Ibrahimu na ndege wanne waliokatwa vipande. “Ila wetu waliitwa wakarudi wakiruka,” akasema. “Wenu mnawaacha pale pale wamepasuka. Ndiyo maana mko wachache.”

Hayo yalikuwa maisha yao hadi mwezi wa nane wa mwaka 1974.

Siasa ya ujamaa, kama ilivyoandikwa, ilisema kwamba mtu ataingia kijijini kwa hiari yake. Neno hilo ni zuri, na sitaki kumsaidia yeyote kulidharau. Ninachokilaani ni kwamba wale waliokabidhiwa neno hilo waliona hiari inachelewesha kazi. Ofisa aliyetumwa Nalungu alikuja na lori na mgambo wanane, akawakusanya watu wote na kuwaambia wahamie kijiji kipya kando ya barabara kuu. Akaahidi maji, shule na zahanati. Ndipo Likwata aliposimama na kuuliza swali ambalo kila mkulima wa korosho alikuwa nalo moyoni: mikorosho imeanza kutoa maua, nyasi zimekauka, nani atafyeka chini yake wenye miti wakiwa mbali? Moto wa msituni hauulizi kadi ya chama.

Ofisa alijibu kwamba kila mtu atarudi kufyeka na kuvuna miti yake, na hakuna jani litakaloguswa. Hakuna aliyeondoka kwenda kufunga mizigo. Mtu yule hakuwa mjinga. Aliona kwamba neno lake halina uzito pale, akatazama kuzunguka mpaka akampata mwenye uzito, akamwita mbele kwa heshima kubwa na kumwomba aseme na ndugu zake.

Valentini angeweza kukataa, lakini alikuwa ameguswa. Katika maisha yake yote hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwita Mwalimu mbele ya umati. Tena, na hili ndilo chungu zaidi, aliamini. Alisikia katika maneno ya ofisa sauti aliyoifundisha miaka kumi na minne: toka katika nchi yako, nenda nitakapokuonyesha. Akasimama akawaambia watu kwamba Abrahamu hakuona nchi kabla ya kuondoka, na kwamba Mungu hajawahi kumtoa mtu mahali ili amtupe. Kisha akasema sentensi ambayo hakuna aliyemwomba aiseme.

“Mimi ndiye mdhamini wa neno hili,” akasema. “Atakayekosa mti wake, aje kwangu.”

Wakristo wakaenda kufunga mizigo. Waislamu wakamtazama Likwata. Likwata alimtazama mtani wake, halafu akasema kwamba ikiwa Valentini amesema, basi imesemwa, naye akaenda kung'oa mlango wake. Katika siku mbili Nalungu nzima ilikuwa kando ya barabara.

Siku ya tano moshi ulionekana upande wa Nalungu. Mgambo walikuwa wameamriwa kuzichoma nyumba zilizoachwa, ili mtu asipate pa kurudi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Nyasi hazikuwa zimefyekwa, kwa sababu wafyekaji walikuwa kando ya barabara wakipimiwa viwanja. Moto ulitoka kwenye mapaa ukaingia mashambani, na mikorosho, ambayo ina mafuta hata katika majani yake, iliungua siku mbili. Valentini alikwenda kuona, akarudi bila kusema alichokiona. Rosalia akaelewa kutokana na miguu yake, iliyokuwa myeusi hadi magotini.

Alikwenda kwa yule ofisa. Hakumtukana. Alimkumbusha ahadi aliyoitoa hadharani, akauliza italipwa vipi.

“Nyumba tulizichoma sisi,” ofisa akasema. “Miti imechomwa na upepo. Upepo ni wa Mungu wako, Mwalimu. Kaulizane naye.”

Nimezifikiria sentensi hizo kwa miaka mingi. Huwezi kumshitaki mtu kwa maneno kama hayo. Amekiri alichoamriwa na kukana alichosababisha. Miezi michache baadaye alihamishiwa kwenye kiti kikubwa zaidi.

Adhabu ya kwanza kwa Valentini ilitoka kwa Likwata. Asubuhi moja walikutana njiani kijijini, na Valentini akaanza kumtania kama kawaida, kwamba mtu wa pwani sasa analala hata bila mti. Likwata akasimama, akaweka mkono kifuani.

“Habari za asubuhi, Mwalimu,” akasema. “Nyumbani hamjambo?”

Akapita. Toka siku ile hakumtania tena. Alimsalimu kwa adabu, alimuulizia Rosalia kwa adabu, alimpisha njia kwa adabu. Anayejua utani ni nini kwa watu wale atajua kwamba hakuna tusi linalofikia adabu hiyo.

Lakini jambo lililomnyima Valentini raha lilikuwa jingine. Alikuwa amelitoa neno la ofisa kwa jina la Mungu, na sasa neno la ofisa lilikuwa majivu. Je, watu wake wataweza kuyatenganisha mawili hayo, au Mungu naye amekwisha kuungua pamoja na mikorosho? Hilo ndilo lililokuwa hatarini, si heshima yake.

Padre alikuja kutoka Lindi mwezi wa kumi. Valentini akamweleza yote, pamoja na nia yake ya kusimama mbele ya kaya zile kumi na moja na kukiri. Padre alimkataza. Alimshauri afundishe habari ya Ayubu, ambaye naye alipoteza vyote kwa moto na upepo, ili watu waone kwamba ni majaribu na kwamba mwenye subira hurudishiwa. Padre hakuwa mtu mbaya. Alitaka utulivu, kama wengi waliovaa vazi lake mwaka ule, nao utulivu walioutaka ulikuwa wa mtu aliyezibwa mdomo.

“Ayubu hakuwa na mdhamini aliyemdanganya, Baba,” Valentini akasema. “Hawa wanaye. Nikiwaambia ni Mungu aliyewajaribu, nitakuwa nimemchoma mara ya pili.”

Jumapili iliyofuata alisimama bila kufungua Maandiko. Akawaambia kwamba Mungu hakuwahi kuwaahidi kijiji wala hakuwahi kuwaahidi usalama wa miti yao. Aliyeahidi alikuwa mtu, na yeye Valentini akamvisha mtu huyo kanzu ya Mungu kwa sababu alipenda kuitwa mbele. Agano la Mungu na Abrahamu lilifungwa Mungu akipita peke yake. Hili la barabarani, yeye Valentini alijipitisha katikati ya vipande pasipo kutumwa, na anayestahili kupasuliwa ni yeye. Akaomba msamaha.

Mtu angetegemea kilio, au kukumbatiana. Badala yake Evaristo, mzee wa kanisa, akauliza swali la haki kabisa: ikiwa la Agosti lilikuwa neno la Valentini, watajuaje kwamba ya miaka kumi na minne hayakuwa ya Valentini pia? Valentini alijibu kwamba wayapime. Evaristo akasema kwamba yeye hana mizani, alikuwa na katekista tu. Akatoka, na familia yake ikamfuata.

Ukweli ulikuwa umechelewa kufika, na ukweli ukichelewa hupokelewa kama uongo mwingine. Kufikia mwisho wa mwezi Valentini alikuwa amevuliwa ukatekista kwa kutomtii padre, na kaya saba hazikuwa zikisali tena mahali popote. Wengine walirudia tambiko la babu zao la kuimwagia mizimu unga. Wengine hawakurudia kitu. Viongozi wa kijiji walifurahi kwamba mikusanyiko imepungua.

Hakukatazwa kusali nyumbani kwake. Kila Jumapili asubuhi alifungua mlango na kuketi na Rosalia. Jumapili moja ya Desemba, katika juma ambalo wangekuwa wakivuna korosho, Emerensiana alisimama kizingitini. Alikuwa mjane, mumewe alimwachia mikorosho arobaini na watoto watatu, na sasa alikuwa na watoto watatu.

“Karibu ndani, Mama Sipriani,” Valentini akasema.

“Hapa panatosha.” Hakuweka chini kapu lake. “Nimekuja kukuomba uniambie tena lile la kwanza. Kwamba ni Mungu aliyetutoa kule. Lile nililiweza. Nilikuwa nalala.”

“Siwezi, dada yangu. Si kweli.”

“Wengi wanasema yasiyo kweli na watu wanashiba. Wewe peke yako ndiye umeamua kuacha, na umeacha juu ya mgongo wangu. Haya, basi. Huyo Mungu wa kweli, mimi Emerensiana ameniahidi nini?”

“Kwamba hatakuacha.”

“Siku ile lori linatushusha porini, alikuwa wapi?”

Rosalia aliinamisha kichwa. Mwanamke yule alihamisha kapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

“Alikuwapo,” Valentini akasema. “Lakini hakupata nafasi ya kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nasema.”

Emerensiana alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia ambayo hataifuata. Kisha akasema kwamba foleni ya maji ni ndefu, akaenda zake.

Valentini akafungua Maandiko akasoma habari ya Abrahamu yote, kutoka kuitwa kwake hadi kununua kaburi la mkewe, kipande pekee cha nchi ya ahadi alichokishika kwa mkono. Alisoma kwa sauti ya kutosha watu wa kaya kumi na moja. Rosalia aliitikia peke yake.